Nafsi ya Kwanza na Mtutu wa Bunduki

Wazee tunapokutana na kuzungumza juu ya michezo ya video inayowashughulisha vijana wetu, aghalabu tunakuwa na shauri moja tu, nalo ni kwamba ipigwe marufuku. Husemwa kwamba inapoteza muda, kwamba inaharibu macho, na kwamba kijana anayefyatua risasi elfu kwa jioni moja ndani ya kioo yamkini siku moja atatamani kufyatua ya kweli. Shutuma hizi ni kongwe kuliko michezo yenyewe. Msomaji wa rika langu atakumbuka kwamba maneno kama hayo yalisemwa juu ya sinema za karate zilizoonyeshwa katika majumba ya Empire, Empress na Avalon hapa mjini Dar es Salaam, na kwamba riwaya za kijasusi nazo hazikusalimika. Sisi tulitazama, tukasoma, na wengi wetu tukaishia kuwa makarani.

Sitaki kurudia shutuma hizo. Nia ya makala hii ni kuitazama michezo hiyo kama tunavyoitazama kazi yoyote ya sanaa, yaani kuuliza imetungwa vipi, inasema nini, na inamsemea nani. Nakiri mapema kwamba mimi si mchezaji. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nimeuawa kabla sijajua kitufe kipi ni cha kukimbilia. Lakini mhakiki wa tamthilia si lazima awe mwigizaji, na nimekaa saa nyingi nyuma ya mabega ya wanaojua.

Saa hizo nimezikaa Kariakoo. Nitokapo kazini Posta jioni hupita penye Sanamu ya Askari, nikashika njia ya Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo, ambako mtoto wa kaka yangu anajifunza ufundi wa simu. Nyuma ya duka lao kuna chumba chenye mabenchi mawili, televisheni tatu na pangaboi moja. Vijana hukiita kibanda cha gemu. Hulipa kwa mechi au kwa muda, na haki inanilazimu kusema kwamba mfalme wa mahali pale ni mpira wa miguu: televisheni mbili kati ya tatu daima zina timu za Uingereza na Hispania. Ya tatu, iliyo pembeni karibu na mlango wa choo, ndiyo ya vita.

Michezo ninayoikusudia ni ya aina moja mahsusi. Katika mchezo wa mpira, mchezaji huwaona watu wake kutoka juu, kama mtazamaji aliyeketi jukwaani. Katika mchezo huu mwingine hamwoni mtu wake hata kidogo. Anachokiona ni kile ambacho mtu huyo angekiona: njia iliyo mbele, ukuta, mlango, na chini ya kioo mikono miwili iliyoshika bunduki, mtutu ukielekea mbele. Akikibinya kishikio chenye vitufe, ambacho vijana hukiita pedi, dunia nzima hugeuka pamoja naye. Akipigwa, kioo huwa chekundu. Kwa kukosa jina zuri zaidi nitaiita michezo ya mtutu, maana mtutu ndicho kitu pekee kisichoondoka machoni tangu mwanzo hadi mwisho.

Mtindo wenyewe si mpya. Wolfenstein 3D ilitoka mwaka 1992, na Doom, iliyoueneza mtindo huo duniani, ikatoka Desemba 1993. Zote mbili ni kazi za kikundi kidogo cha vijana wa Kimarekani kiitwacho id Software. Call of Duty ilianza mwaka 2003, na tangu mwaka 2005 hutolewa toleo jipya kila mwaka kama kalenda. Oktoba 2025 ilitoka Battlefield 6, na Novemba ya mwaka huo ikafuata Call of Duty: Black Ops 7. Katika Oktoba hiyo hiyo ilitangazwa kwamba Halo, mchezo wa mwaka 2001, ungetengenezwa upya. Kijana asiyeweza kununua mashine hucheza Call of Duty: Mobile ya mwaka 2019 katika simu yake. Huipata bure, kisha hutolewa fedha kidogo kidogo kwa ajili ya mavazi ya askari wake na rangi za bunduki.

Waingereza huiita michezo hii kwa istilahi ya sarufi: ni michezo ya nafsi ya kwanza. Mwalimu wa Kiswahili atatabasamu, kwa kuwa nafsi ya kwanza ni somo analolifundisha kila mwaka: mimi na sisi, ni- na tu-. Lakini lugha yetu ina utajiri hapa ambao Kiingereza hakina. Kwetu nafsi si istilahi ya sarufi tu. Ni roho ya mtu, utu wake wa ndani, kile anachokidhulumu mtu anapojidhulumu. Kwa hiyo swali ambalo Mwingereza hawezi kuliuliza kwa neno moja, sisi tunaweza: mchezo unaompa kijana nafsi ya kwanza unampa nafsi ya nani?

Msomaji wa kitabu kilichosimuliwa kwa "mimi" humsikiliza mtu mwingine akisema mimi. Anaposoma Maisha Yangu ya Shaaban Robert hasahau kwamba mimi yule ni Shaaban bin Robert, mshairi na mtumishi wa serikali, na kwamba yeye msomaji ameketi pembeni akisikiliza. Anaweza kukubali, anaweza kuguna. Mchezo wa mtutu umeuondoa umbali huo. Hapana msimulizi. Mchezaji mwenyewe ndiye mimi, wala hakuulizwa kama anakubali. Katika benchi lile la pembeni sijapata kumsikia kijana akisema "yule askari amekufa". Husema "nimekufa".

Mtu asidhani kwamba ninachukizwa na vita katika sanaa. Mshairi wa Kiswahili hana haki ya kuchukizwa nayo. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na ambao ni miongoni mwa maandishi makongwe ya Kiswahili yaliyotufikia, ni utenzi wa vita. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alitunga juu ya vita vya Wadachi katika Mrima, Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Majimaji, na Henry Muhanika juu ya vita vya Kagera, katika utenzi uliochapishwa mwaka 1981. Babu zetu walikesha wakisikiliza panga zikikata. Lakini tazama jinsi watunzi wa tendi za kale walivyomtendea adui. Kabla ya kupigana, shujaa na adui hujitaja: mimi ni fulani bin fulani. Hujibizana. Adui hupewa beti zake za kusema, na mara nyingine ni beti nzuri kuliko za shujaa. Anapoanguka, msikilizaji anajua aliyeanguka ni nani. Katika michezo ya mtutu adui hutokeza nyuma ya gari, huanguka, na aghalabu baada ya muda mfupi maiti yake hutoweka ili mashine isielemewe. Sidai kwamba hiyo ni hila ya mtunzi. Ni hesabu ya mashine tu. Lakini kijana aliyekulia katika hesabu hiyo huzoea kwamba wanaoanguka hawana mazishi.

Sasa nieleze jioni iliyonifanya niandike. Mtoto wa kaka yangu alikuwa akicheza Call of Duty: Black Ops II, ambayo ilitoka mwaka 2012 na ambayo kwa mashine ya kibanda kile bado ni mpya. Nikaona nyasi kavu, watu weusi wengi wakikimbia na bunduki na mapanga, na mtu mwenye ndevu akiwahimiza kutoka juu ya gari la vita. Kijana alikuwa akikimbia ubavuni pake. Nikauliza huyo mzee ni nani. Akanijibu bila kugeuka: "Savimbi, baba mdogo. Huyu ni wa kwetu."

Mwalimu wa historia na ajipe dakika moja hapa. Sura hiyo ya kwanza ya mchezo inatokea Angola mwaka 1986. Mchezaji ni Mmarekani aitwaye Mason, aliyekwenda kumwokoa mwenzake, na ili amfikie hupigana bega kwa bega na UNITA ya Jonas Savimbi dhidi ya askari wa MPLA. Huu si ulimwengu wa kubuni. Januari ya mwaka huo wa 1986 Savimbi wa kweli alipokewa Washington na Rais Reagan, na makaburu wa Afrika Kusini ndio waliokuwa wakimlinda na kumpa silaha. Na MPLA ni akina nani? Ni chama kilichokuwa na ofisi hapa Dar es Salaam katika miaka ya kupigania uhuru, katika mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963 hadi ilipomaliza kazi yake mwaka 1994. Angola na Tanzania zilikuwa pamoja katika Nchi za Mstari wa Mbele. Oktoba ya mwaka huo huo wa 1986 Rais Samora Machel alikufa katika ajali ya ndege huko Mbuzini, katika ardhi ya Afrika Kusini. Barabara yenye jina lake ninaivuka kila siku nikitoka ofisini, na kutoka hapo hadi penye televisheni ile ni mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Baba yake kijana huyu, kaka yangu, alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi. Mwaka 1987 alipelekwa Msumbiji kupambana na RENAMO, ambao nao walikuwa wakisaidiwa na makaburu wale wale. Alirudi mwaka 1988. Wako wenzake waliozikwa Naliendele, Mtwara. Kaka yangu si mtu wa kusimulia vita. Mtoto wake hajui juu ya Msumbiji zaidi ya kwamba baba aliwahi kwenda huko na tangu hapo hali samaki wa kopo.

Basi nilisimama nyuma ya benchi lile nikimtazama mwana wa mtu aliyepigana upande mmoja akikimbia kwa shangwe upande wa pili. Kijana huyu si mpumbavu wala si msaliti. Alifaulu mtihani wake wa historia kidato cha nne, na majina ya Nchi za Mstari wa Mbele anayajua kwa kichwa. Lakini elimu ile ilikuwa ya nafsi ya tatu, habari za watu waliopita, na mchezo ulimpa nafsi ya kwanza. Macho aliyokuwa ameazimwa yalikuwa ya Mason, na kwa Mason, Savimbi alikuwa wa kwao kweli. Hiyo ndiyo hatari ninayoiona katika michezo hii, na ni kubwa kuliko ile ya kupenda bunduki. Zamani tuliita jambo hili kasumba, na tulidhani huingia kwa vitabu na kwa mahubiri. Hatukuwaza kwamba siku moja itaingia kwa vidole gumba viwili.

Mchezo huo ulifikishwa hata mahakamani. Mwaka 2016 watoto watatu wa Savimbi walilishtaki tawi la Ufaransa la kampuni ya Activision Blizzard mbele ya mahakama ya Nanterre, wakidai euro milioni 1 kwa sababu baba yao ameonyeshwa kama mshenzi. Wakili wa kampuni akajibu kwamba, kinyume chake, mchezo unamwonyesha kuwa mtu mwema anayekuja kuwasaidia mashujaa. Madai hayakufaulu. Nimeifikiria kesi hiyo mara nyingi. Upande mmoja ulimtetea Savimbi kwa kusema amechafuliwa, wa pili ukajitetea kwa kusema amesifiwa. Wale wanaoanguka nyasini hawakuwa na wakili.

Hapo nilimkumbuka Willy Gamba. Wahakiki wetu walimkaripia sana marehemu Elvis Musiba kwa riwaya kama Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi. Walisema ni fasihi pendwa, ni uigaji wa James Bond, ni wasichana na pombe na risasi. Mengi ya hayo ni kweli. Lakini Willy Gamba, pamoja na suti zake, alijua yuko upande gani: maadui zake walikuwa maadui wa ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Umbo liliazimwa ng'ambo, nafsi ilikuwa yetu. Mwanafunzi aliyemsoma kwa siri chini ya dawati alijua, bila kufundishwa na mtu, makaburu ni nani. Leo ninaona tulimhukumu Musiba kwa kosa dogo tukasahau kumshukuru kwa jambo kubwa.

Liko jambo la pili, nalo linahusu lugha. Mwaka 2009 kampuni ya Kijapani ya Capcom ilitoa Resident Evil 5. Kusema haki, huu si mchezo wa nafsi ya kwanza kamili, kwa kuwa jicho limekaa nyuma ya bega la shujaa badala ya kuwa ndani ya kichwa chake. Lakini ni ndugu wa tumbo moja na ile. Shujaa, Mmarekani Chris Redfield, anaingia katika mji wa kubuni wa Kiafrika uitwao Kijuju, ambao wenyeji wake wameingiwa na vimelea vinavyowanyang'anya akili. Watu hao mchezo unawaita Majini. Na Majini hao, wanapokuja na mashoka, hupiga kelele kwa Kiswahili. Mwanamke anayefuatana na shujaa ametoka katika tawi la Afrika Magharibi la kikosi chao, lakini wenyeji wanasema Kiswahili. Inaelekea kwamba kwa watunzi wale Afrika ni kijiji kimoja, na lugha yoyote itafaa.

Picha za mchezo huo zilipoonyeshwa mwaka 2007, walitokea watu huko Marekani waliolalamika juu ya Mzungu anayewapiga risasi Waafrika. Walilalamika kwa haki, lakini malalamiko yao yalihusu rangi zaidi kuliko lugha, na sisi tunaohusika na lugha hatukusema. Kwa mchezaji wa Osaka au wa Chicago kelele zile ni sauti tu, kama ngurumo au mbwa. Kwa kijana wa Kariakoo ni lugha ya nyumbani. Yeye ndiye anayeelewa anachosema mtu anayemlenga, na kuelewa huko hakumfai kitu, kwa maana hakuna kitufe cha kujibu. Macho yake yako kwa Redfield, masikio yake yako kwa Majini.

Sitakuwa mwadilifu nisipotaja upande wa pili. Mwaka 2005 mchezo wa Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo uitwao "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, muziki wa Christopher Tin. Na mwaka 2011 wimbo huo ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Ninaupenda. Ila nikiuweka kando ya Kijuju naona kwamba katika kazi mbili hizo Kiswahili ni ama sala ama makelele ya wendawazimu. Hakuna anayekitumia kuuliza nauli.

Je, michezo mipya imejirekebisha? Kwa kiasi fulani imejifunza uangalifu, lakini ni uangalifu wa mfanyabiashara. Adui wa Battlefield 6 si taifa lolote, bali ni jeshi la kukodiwa liitwalo Pax Armata linalopigana na NATO. Adui wa Black Ops 7, ambayo matukio yake yamewekwa mwaka 2035, ni kampuni ya teknolojia, na mji mmojawapo ni wa kubuni katika Bahari ya Kati, uitwao Avalon. (Wenzangu wa zamani watacheka, kwetu Avalon ni sinema.) Hapana tena mtoto wa mtu wa kwenda mahakamani. Lakini mwenye macho hajabadilika: hadithi zote mbili zinaongozwa na askari wa Kimarekani. Na Afrika ipo. Moja ya viwanja vya mapigano vya Battlefield 6 ni Cairo, na sifa inayotajwa kwanza na wanaoupenda mchezo huo ni namna kuta zinavyoporomoka. Nilimwambia kijana wangu kwamba katika mitaa hiyo ya mji wa mamilioni sikumwona hata muuza mikate mmoja. Akanijibu, "Baba mdogo, ukimweka muuza mikate, watu watampiga risasi ili wacheke." Sikuwa na jibu.

Fani yenyewe haina lawama. Far Cry 2 ya mwaka 2008 ilimweka mchezaji katika nchi ya Kiafrika isiyotajwa jina, akiwa mamluki, na haikumficha kwamba ni mamluki. Bunduki zake hukwama kwa uchakavu, naye mwenyewe huanguka kwa malaria, akalazimika kutafuta dawa. Waafrika wa mchezo huo wamechorwa kwa haraka, lakini angalau mimi anayepewa mchezaji amekwisha kuhukumiwa na mtunzi, na mchezaji makini hulihisi hilo. Kwa kazi zilizotungwa nje ninaiweka juu ya nyingine nilizozitaja.

Na zilizotungwa kwetu? Mwaka 2015 Andrew Kaggia wa Kenya, aliyekwisha kujulikana kwa filamu ya katuni ya Wageuzi, alitoa Nairobi X. Ni mchezo wa mtutu ambao shujaa wake ni Mkenya, Otero, na vita vyake ni kuuokoa mji wa Nairobi kutoka kwa wavamizi wa sayari nyingine. Kwa mara ya kwanza kijana wa Afrika Mashariki aliazimwa macho ya jirani yake. Hilo si dogo, hasa ukikumbuka fedha ambazo makampuni ya ng'ambo humwaga katika mchezo mmoja. Uhakiki wangu ni kwamba Kaggia alibadili uso akaiacha sarufi. Viumbe wa sayari nyingine hawana historia nasi. Kuwapiga hakumlazimu mchezaji kufikiri lolote juu ya Nairobi, juu ya nani alimtenda nani nini katika mji ule. Otero angeweza kuwa Mason mweusi.

Karibu zaidi na ninachokitafuta ni Lual Mayen, kijana wa Sudani Kusini aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza fedha kwa miaka mitatu ili amnunulie kompyuta. Mchezo alioutunga, Salaam, si wa mtutu. Mchezaji humwongoza mkimbizi anayekimbia vita, naye huhitaji maji, chakula na dawa. Nilipomweleza kijana wangu habari hizo alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama kuna risasi.

Swali lake la pili lilikuwa zito zaidi. Kwa nini sisi Watanzania tusitunge mchezo wa Kagera? Nilisita, na bado ninasita. Ni vita vya haki, vilitungiwa utenzi, na vijana wangevicheza kwa fahari. Lakini adui atakuwa Mganda, na jeshi letu liliingia Uganda pamoja na Waganda wenyewe waliokuwa wakimpinga Amin. Mtunzi wa utenzi anaweza kulieleza hilo kwa beti kumi. Mtutu utalielezaje? Yule anayetokeza nyuma ya gari kule Masaka ana sekunde moja tu ya kujulikana ni nani. Walimu wanaoyapenda mambo haya wanaweza kuligeuza kuwa zoezi: mwanafunzi aichukue sura ile ya Angola, aiandike upya kwa nafsi ya kwanza ya askari wa MPLA aliye nyasini, tangu alfajiri ya siku hiyo. Nimelijaribu na vijana wachache wa kibanda. Mmoja aliandika kurasa nne, na wa MPLA wake alikuwa na mama muuza maandazi.

Juzi nikiwa njiani nilisimama kwa makusudi penye Sanamu ya Askari. Tangu mwaka 1927 amesimama pale, bunduki yenye singe ikielekea bandarini. Ukimtazama kutoka nyuma ya bega lake, unaona kile wanachokiona vijana wa kibanda: mtutu, na nyuma yake dunia. Maandishi yaliyo chini yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling na kuandikwa kwa Kiswahili pia, yanawataja askari na yanawataja vilevile wapagazi waliowabebea mizigo. Lakini juu ya jiwe yuko askari peke yake. Katika sanamu iliyojengwa Nairobi kwa kumbukumbu ya vita hivyo yumo mpagazi. Dar es Salaam hayumo juu ya jiwe, ila yumo katika jina la mtaa. Kariakoo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambacho kambi yake ilikuwa pale. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, katika vita ambavyo pande zote mbili hazikuwa za kwao.

Nilimwambia kijana wangu: tuseme nafsi ya kwanza ni mpagazi. Mzigo uko kichwani, mikono yote miwili imeushika, kwa hiyo chini ya kioo hapana bunduki. Vita vinasikika mbele na nyuma. Njia ni ya matope kuelekea Rufiji. Akacheka, akasema mchezo huo utauza nakala mbili, yake na yangu. Tukaachana.

Jumamosi alinijia nyumbani na karatasi. Alikuwa amekichora kioo: kingo za mzigo juu, vidole pande mbili, mgongo wa mpagazi anayetangulia, na chini, mahali pa mtutu, miguu pekupeku. Yeye na mwenzake anayejifunza programu za kompyuta wangependa kujaribu sehemu moja fupi, ya kuvuka mto. Lakini alikuwa na tatizo la sauti. Alitaka kujua mwaka 1917 wapagazi walipewa amri kwa lugha gani, na waliitikia vipi. Nimemwahidi kulitafuta hilo, na nimekwisha kuanza kuwauliza wazee.